Mission Raniganj: hivi yule Singasinga kweli alishuka mwenyewe shimoni?

Mtoto wa Manzese

Wakuu habari za usiku huu. Nina swali na nimeshawekeana soda na shemeji yangu kwa hiyo naombeni majibu ya ukweli, ushabiki tuuweke pembeni kidogo.

Jumamosi nilienda kujaziwa muvi kwenye fleshi pale kwa dogo wa stendi, nikamwambia niwekee za vita, akaniwekea za vita nne na hii moja ya Akshay Kumar inaitwa Mission Raniganj, ya 2023, najua wengi mmeiona kitambo mimi ndo nafika. Ni ya wachimba makaa ya mawe kule India. Maji yanaingia mgodini, watu wanakwama chini, halafu kuna injinia mmoja Singasinga anakuja na wazo la kutoboa shimo kutoka juu kabisa na kushusha kitu kama pipa refu la chuma, mtu anaingia anasimama humo wima kama mshumaa, anavutwa juu, linarudi tena chini, mwingine anaingia. Na stelingi mwenyewe ndo anashuka.

Sasa tumekaa sebuleni mimi, wife na shemeji (mdogo wake wife, kaja kutoka Singida kutafuta kazi) na pale pale Akshay anapoingia kwenye pipa, giza. LUKU imeisha. Nyie acheni tu. Wakati nahangaika na simu kununua umeme shemeji akaanza kuongea gizani, "shem hao ni Wahindi tu, bosi gani anashuka mwenyewe shimoni na vijana anao?" Nikamwambia wameandika mwanzoni kwamba ni kisa cha kweli. Akasema hata zile za nyoka anageuka mwanamke huwa wanaandika hivyo hivyo.

Kwa hiyo swali langu, hicho kitu kilitokea au kimetungwa? Na kama kilitokea mbona watu hawakufa wote, maana mgodi ukishajaa maji umejaa, utabaki hai vipi siku tatu chini ya ardhi? Hapo ndo shemeji kanibana na sikuwa na jibu.

Kijana wa Tandale

Soda gani kwanza, ya chupa au ya take away? Maana kama ni ya chupa tusisumbue watu.

Profesa wa Kijiwe

Mkuu soda ni yako, kainywe. Kisa ni cha kweli na huyo mzee alishuka mwenyewe. Anaitwa Jaswant Singh Gill, injinia wa migodi kwenye kampuni ya Eastern Coalfields, kampuni ya serikali ya India. Mgodi unaitwa Mahabir, uko eneo la Raniganj jimbo la West Bengal, hapo Waingereza walianza kuchimba makaa tangu 1774 kwa hiyo ardhi ya pale chini imetobolewa tobolewa kama jibini la kwenye katuni.

Novemba 1989, usiku wa kuamkia tarehe 13, kulikuwa na watu kama 220 shimoni. Wanalipua makaa kama kawaida, ukuta ukaachia, maji yakaingia kwa nguvu. Waliokuwa karibu na lifti wakapandishwa haraka haraka, 71 wakabaki. Katika hao 6 walikufa maji na 65 wakakimbilia sehemu ya mgodi iliyoinuka. Juu wakatoboa tundu jembamba kwanza, wakawapata, wakawashushia chakula na maji ya kunywa. Halafu ndo likatobolewa lile kubwa la inchi 22 na kapsuli ikaundwa karakana za hapo hapo jirani wakati uchorongaji unaendelea. Gill akashuka, akawa anawapandisha mmoja mmoja kwa saa kama sita, yeye akatoka wa mwisho. Hiyo ilikuwa tarehe 16. Hapo alikuwa mtu mzima wa miaka kama hamsini hivi, sio kijana, kwa hiyo mwambie shemeji yako kuna mabosi wa namna hiyo japo ni wachache kama maembe ya Juni.

Serikali yao ikampa medali 1991. Amefariki Novemba 2019, muvi imetoka Oktoba 2023, hakuiona. Hilo linaniuma kidogo.

Sasa kwa nini hawakuzama wote. Nenda jikoni chukua kikombe, kigeuze mdomo chini, kizamishe kwenye ndoo ya maji. Maji yanaingia kidogo tu yanagoma, si ndiyo? Hewa imekaa juu haina pa kutokea. Mgodi wenye mwinuko unafanya hivyo hivyo, maji yanajaa huku chini, hewa inabanwa kule juu, ukiwa kule juu unapumua. Lakini hapo hapo ndo kuna mtego, ukitoboa kikombe juu hovyo hovyo hewa inatoka fyuuu na maji yanapanda. Kwa hiyo wanaotoboa shimo la kukuokoa wanaweza wakakuzamisha, lazima maji yawe yanavutwa na pampu wakati huo huo au hewa iwe inasukumwa kwenda chini. Marekani 2002 pale Quecreek, Pennsylvania, wachimbaji 9 wa makaa walibanwa hivi hivi zaidi ya siku tatu na kitu cha kwanza waliochoronga walifanya ni kuwapulizia hewa ya moto ya kompresa kupitia tundu dogo. Wote 9 walitoka hai.

Mtoto wa Manzese

Profesa nimefanya ya kikombe sasa hivi na shemeji yupo amesimama mlangoni anaangalia. Kimya. Wife anauliza mnafanya nini na kikombe changu cha wageni.

Fundi Gerezani

Mi nachomelea, nipo Gerezani huu mwaka wa 14, mageti, madirisha, fremu za bajaji, kila kitu. Hiyo muvi nimeiona na nawaambia ukweli sura ya Akshay sikuiangalia, nilikuwa naangalia ile kapsuli tu nasema hawa watu wameunda usiku mmoja kitu ambacho mimi ningeomba wiki na advansi.

Watu mnaona pipa. Sikieni. Tundu ni inchi 22, hiyo ni sentimita 56 hivi, kachukue futi kamba uone, ni kama beseni la kufulia. Kapsuli lazima iwe nyembamba kuliko tundu na mtu aingie na mabega yake. Kwa hiyo huna nafasi ya kuweka mshono mnene kwa nje, ule mshono ukibaki na vinundu unakwaruza ukuta wa tundu na kunasa, na ikinasa katikati mtu yupo humo hawezi kwenda juu wala chini, mikono imebanwa, hata kujikuna hawezi. Kwa hiyo kila mshono wa nje upigwe grenda mpaka ulale laini kama kioo. Halafu ukiupiga sana grenda unaupunguza nguvu. Hapo ndo ufundi ulipo.

Na ile ringi ya juu ya kuning'inizia, hiyo ndo roho ya mtu. Sitaki kuwadanganya, mimi kuna mwaka nilimchomelea mteja ndoano ya cheni bloku apandishe tanki la lita elfu juu ya ghorofa moja, tanki tupu hilo, sio la maji. Lilivyofika usawa wa dirisha nikasikia "tik". Sauti ndogo kama mtu kavunja njiti ya kiberiti. Nikapiga kelele watu wakimbie na tanki likaja chini. Hakuna aliyeumia ila mpaka leo nikimaliza mshono wa kubebea mzigo nauangalia mara tatu halafu namwita fundi mwenzangu naye auangalie. Sasa fikiria unashusha mtu, tena mara 65 kushuka na kupanda, ringi ile ile, mshono ule ule. Ile "tik" nilikuwa naisubiri kwenye muvi nzima na haikuja.

Mnampa sifa injinia sawa, anastahili. Ila yule fundi aliyechomelea ringi hata jina hamna aliyelitaja.

Mama Swaumu

Nyie wanaume mnaongea grenda, mi nililia. Nililia pale wake zao wamekaa nje wanasubiri. Ila ule wimbo wa mwanzo wa Akshay na Parineeti Chopra wanacheza na watu mia nyuma yao jamani, watu wanaenda kufa maji wewe unakata kiuno? Na yule injinia mwenye roho mbaya anayetaka mwenzake ashindwe, hivi kweli mtu yupo hivyo wakati watu wako chini? Nahisi huyo wamemwongeza maana muvi ya Kihindi bila adui haiuziki. Na yenyewe wala haikuuza, nasikia kule kwao ilianguka vibaya, hata jina walilibadilisha badilisha kabla haijatoka, mara ilikuwa iitwe Capsule Gill, mara The Great Indian Rescue.

Ninachouliza mimi, mbona sisi hatutengenezi ya kwetu? Mmewasahau wale wa Nyangalata kule Kahama? 2015, wachimbaji wadogo walifukiwa Oktoba tarehe 5 wakatolewa Novemba 15. Siku 41! Watano wakatoka hai. Walikula mizizi, mende, vyura, maji walikinga ya kudondoka. Kapsuli hamna, Singasinga hamna, wenyewe kwa wenyewe. Watu majumbani walishakata tamaa. Hiyo ingekuwa muvi, na wala hauhitaji kuongeza adui.

Kijana wa Tandale

Mama Swaumu ukiipeleka Bongo Movie siku 41 zinakuwa parti 1 mpaka parti 6 na mchawi lazima awepo.

Profesa wa Kijiwe

Mama umenena. Na 2017 Januari kuna wale 15 wa Geita, kati yao Mchina mmoja, walikaa chini siku tatu wakatolewa wote wazima. Kwa hiyo sio kwamba kwetu hatuokoi.

Nisahihishe kitu kimoja kabla hakijasambaa, ukisoma magazeti ya India unaweza kudhani kapsuli ni wazo la Gill peke yake duniani. Wajerumani walifanya 1955, mgodi wa makaa wa Dahlbusch pale Gelsenkirchen, wakatoa watu watatu kwa chombo chenye upana wa sentimita 38 na nusu. Fundi, thelathini na nane! Chombo kikaitwa bomu la Dahlbusch kwa sababu ya umbo lake. 1963 wakakitumia tena Lengede, mgodi wa chuma, watu 11 wakatoka baada ya wiki mbili. Na Chile 2010 wale 33 wa siku 69 walitoka kwa kizazi hicho hicho cha chombo, wakakiita Fénix. Haimpunguzii kitu Gill maana wa Ujerumani hawakumletea, yeye alikuwa na karakana za jirani na siku tatu.

Fundi Gerezani

38 na nusu?? Mi mwenyewe siingii, wife amenilisha sana.

Apolo Mstaafu

Nimesoma yote nikasema nipite kimya ila nimeshindwa.

Mimi nilikuwa Mererani toka 2001 mpaka 2009, sasa hivi ni bodaboda Tabata. Nilikuwa kwa nani sitasema, mwenye mgodi yupo hai na ana watoto. Hiyo muvi nimeiangalia nusu nikazima, na sio kwa sababu ya maji. Kilichonishinda ni kitu ambacho hata mmoja wenu hajakitaja hapo juu. Ni ile namba. 71. Maji yameingia usiku, watu wamechanganyikiwa, na bado juu kuna mtu anajua wako 71, sio kama 70, sio sabini na kitu. Kwenye migodi mikubwa ya makaa mtu haingii shimoni bila kuchukua taa, na taa ina namba, ukitoka unairudisha. Zamu ikiisha mtunza taa anaangalia ukutani, ndoano tupu ngapi, basi watu wangapi bado wako chini. Ni kitu cha kijinga kabisa, misumari ya kutundikia taa. Bila hiyo misumari huyo Gill angejua anarudisha kapsuli chini mara ngapi? Angejuaje kwamba yeye ndo wa mwisho?

Mvua ile ya Machi 2008 wengi mtakuwa mnaikumbuka kwenye redio, maji yaliingia mashimoni Mererani na makumi ya watu walibaki humo. Timu yetu tulikuwa zamu ya asubuhi, kwa hiyo tulikuwa juu. Shimo la jirani zamu ilikuwa ndani. Kumekucha tumekusanyika pale mdomoni, matope mpaka magotini, winchi imelala upande, na watu wanabishana. Huyu anasema walishuka tisa. Huyu anasema hapana kumi na mbili, mi niliwaona. Msimamizi anasema wanane, na mnajua kwa nini anasema wanane. Daftari hamna. Mwisho mzee mmoja akasema mwiteni mpishi. Akaletwa yule mama, ana kanga imelowa, wakamuuliza jana jioni ulipakua sahani ngapi. Akafunga macho. Akaanza kuhesabu kwa vidole, anataja mmoja mmoja, na hataji jina maana majina hatujuani, mgodini watu ni a.k.a. tu, anasema Kobe, Mnyamwezi mfupi, yule wa Babati, Dogo Janja, yule asiyekula maharage. Alifika kumi na moja. Akasema kumi na moja, ugali ulibaki wa mtu mmoja lakini huyo alikuwa anaumwa tumbo yuko kambini.

Basi tukaanza kutafuta kumi na mmoja kwa sababu ya sahani za ugali.

Yule asiyekula maharage tulimpata siku ya sita. Hakuna aliyejua kwao ni wapi. Simu yake ilikuwa na namba zimeandikwa Bosi, Mama, Mama 2, tukapiga Mama haipatikani, tukapiga Mama 2 akapokea mwanamke Kondoa huko akawa anasema "nyie ni nani, mnamtaka nani," na sisi hatuna jina la kumwambia.

Kwa hiyo mtu akiniambia muvi imeongeza chumvi, aongeze tu, kuimba waimbe. Mi natamani zile taa na zile ndoano.

Mama Swaumu

Pole sana baba. Sina la kusema.

Profesa wa Kijiwe

Kaka mkubwa umenifunga mdomo. Nilikuwa nimejiandaa kueleza ya Quecreek, kwamba maji yalitoka mgodi wa jirani uliokwisha kutelekezwa na ramani waliyokuwa nayo haikuonyesha ulikochimbwa mpaka mwisho, wakadhani wako mbali nao kumbe wanautoboa. Ni kitu hicho hicho ulichosema. Karatasi.

Fundi Gerezani

Misumari ya kutundikia taa ningewachomelea bure, wallahi.

Kijana wa Tandale

Kaka samahani kwa utani wangu wa mwanzo. Na kwetu mgodi wa makaa upo wa chini kwa chini kama huo wa India?

Apolo Mstaafu

Usijali mdogo wangu, utani ni ruhusa. Makaa sikufanya mimi ila Kiwira ilikuwa ya chini kwa chini, Ngaka kule Mbinga wanachimba wazi kutoka juu, unaona jua, hiyo hatari yake ni nyingine. Wa kuwahofia ni hawa wa dhahabu wa maduara madogo madogo, shimo upana wa mtu, matimba mawili matatu ya miti, mnashuka mmekanyaga kamba.

Mtoto wa Manzese

Wakuu nilikuwa sijarudi hapa, nimetoka kidogo nje kupiga simu.

Sikuwaambia mwanzo maana niliona haihusiani, mdogo wangu wa mwisho yuko Chunya toka mwaka juzi, maduara hayo hayo anayosema kaka Apolo. Nyumbani tunajua anachimba dhahabu, basi, akituma hela tunashukuru hatuulizi. Nimempigia nikamuuliza dogo hivi mkishuka huwa mnaandikwa? Akaniuliza kuandikwa wapi tena bro, polisi? Nikamwambia hapana, daftari, kwamba leo fulani na fulani wako chini. Akacheka akasema "sisi tupo saba tu, mpishi anatujua wote."

Nikakaa kimya mpaka akadhani simu imekata.

Apolo Mstaafu

Chukua namba ya mpishi.

Mtoto wa Manzese

Nimempigia tena akanitumia. Nimemwambia pia amwambie huyo mama jina lake lote, la kwenye kitambulisho, na la baba, na kwetu ni Manzese karibu na Midizini. Amesema sawa ila kule wao wanamwita Stelingi.

Shemeji soda kanunua. Hajainywa, kaniachia mezani kaenda kulala.